Taa Nyekundu ya Breki: Maana Yake na Dawa Yake

Wakulima wa Kwale siku hizi hawapeleki mavuno sokoni kwa kichwa na punda peke yake. Mwenye machungwa kule Lukore na Majimboni, mwenye korosho na bixa upande wa Msambweni, mwenye madafu Tiwi au Diani, na mvuvi wa Gazi, wote hupakia katika pikapu au Probox, yao wenyewe au ya kukodi, wakashuka Ukunda au wakavuka Likoni hata soko la Kongowea. Pikapu hiyo ni chombo cha shamba kama jembe, ila hatari yake ni kubwa zaidi. Ikiwa imebeba tani moja ya machungwa na watu watatu mbele, kitu kinachoizuia isiwaue hao watatu pamoja na wapita njia ni mafuta kidogo tu, kiasi cha lita moja hivi, yaliyomo ndani ya mabomba membamba chini ya gari.

Hayo ndiyo mafuta ya breki, na mlinzi wake ni taa ndogo nyekundu mbele ya dereva. Taa hiyo huwa na duara lenye alama ya mshangao ndani yake, na katika motokaa nyingine imeandikwa BRAKE. Ukifungua ufunguo yapasa kuwaka, na injini ikisha kuwaka na handibreki ikiachiwa yapasa kuzimika. Ikiwa haiwaki hata kidogo wakati wa kufungua ufunguo, basi balbu imeungua au mtu ameitoa, na jambo hilo ni baya kuliko taa kuwaka, maana mlinzi amelala. Wako madereva wanaobandika utepe mweusi juu ya taa hiyo ili isiwasumbue macho usiku. Hao twawaomba wasome habari hii mpaka mwisho.

Kazi ya mafuta ya breki

Watoto wengi wamecheza mchezo huu: huchukua mabomba mawili ya sindano, wakayaunganisha kwa mpira mwembamba na kuyajaza maji. Ukisukuma bomba moja, la pili linatoka papo hapo. Maji hayashindiliki, nguvu uliyotia huku yatokea kule. Na ikiwa bomba la pili ni pana kuliko la kwanza, nguvu inayotokea huwa kubwa kuliko ile uliyotia, ingawa mwendo wake ni mfupi. Breki ya motokaa ni hivyo hivyo. Mguu wa dereva husukuma kikanyagio, kikanyagio husukuma masta silinda, mafuta hukimbia kwenye mabomba mpaka magurudumuni, na huko husukuma pedi zibane diski, au breki shuu zitanuke ndani ya dramu.

Sasa katika ule mchezo wa watoto, acha upepo kidogo uingie ndani ya mpira, kisha sukuma. Bomba la pili litasita, maana upepo hushindilika. Ndiyo sababu fundi akikanyaga breki na kuiona laini kama godoro husema mara moja kuwa imeingia upepo.

Zamani motokaa ilikuwa na njia moja tu ya mafuta, na bomba moja likipasuka breki zote zilikwenda. Baadaye watengenezaji wakaigawa masta silinda iwe na vyumba viwili, kila kimoja na magurudumu yake. Marekani ililazimisha jambo hilo kwa sheria tangu mwaka 1968, na leo karibu kila motokaa iko hivyo. Kwa hiyo bomba moja likikatika bado unabaki na nusu ya breki. Lakini nusu ya breki juu ya mteremko, na mzigo nyuma, ni kitu kidogo sana. Nusu hiyo imewekwa ili usimame salama, usiitumie kumalizia safari.

Mafuta hayaliwi

Ikiwa msomaji atakumbuka neno moja tu katika habari hii, na liwe hili: mafuta ya breki hayaliwi. Petroli huungua. Mafuta ya injini hupungua kidogo kidogo. Lakini mafuta ya breki yamefungiwa, huenda na kurudi, wala hayana mahali pa kuishia. Yakipungua iko sababu, na sababu hizo ni mbili tu: ama pedi zimelika, ama yanavuja.

Pedi zikilika, pistoni za kalipa hutoka nje zaidi ili kuzifuata, na nafasi inayobaki nyuma ya pistoni hujazwa na mafuta. Basi kule juu kwenye kichupa mafuta hushuka polepole, mwezi kwa mwezi, bila tone kudondoka chini. Katika kichupa hicho mna boya dogo lenye sumaku. Likishuka kupita alama ya MIN, hufunga swichi na taa huwaka. Hivyo ndivyo taa inavyoweza kumwambia mwenye gari kwamba pedi zake zinakaribia kwisha, naye hajui kuwa ameambiwa.

Mazungumzo kama haya husikika sana katika magereji ya Ukunda:

“Fundi, niongezee mafuta ya breki kidogo, nina haraka ya feri.”

“Mzee wangu, yale ya kwanza yamekwenda wapi?”

“Yamekwisha.”

“Hayaishi kama petroli, baba. Ama yamemwagika, ama pedi zimekwisha. Nipe dakika kumi nitoe gurudumu nitazame.”

Fundi anayejibu hivyo mshike, usimwache. Yule anayemimina tu na kupokea pesa amekuzimia taa, ugonjwa ameuacha pale pale. Tena amekuongezea tatizo jingine: siku utakapotia pedi mpya, pistoni zitarudishwa ndani, mafuta yatapanda na kufurika kwenye kichupa, na mafuta ya breki yakigusa rangi ya gari huibabua.

Taa ikiwaka, anza hapa

Kwanza tazama handibreki. Hili laonekana dogo, lakini ndilo huwa kosa mara nyingi. Taa ile ile moja hutumika kwa handibreki na kwa mafuta. Ishushe handibreki mpaka chini kabisa, kisha jaribu kuivuta juu kidogo na kuishusha tena. Taa ikizimika na kuwaka kwa kufuata mkono wako, shida iko kwenye swichi ya handibreki au waya wake wa chuma umekwama. Katika pwani yetu waya huo hukamatwa na kutu ndani ya ala yake, hasa kwa magari yanayolala karibu na bahari, na gari huendeshwa siku nzima breki za nyuma zikiwa zimebana kidogo. Dalili yake ni gurudumu la nyuma kuwa la moto kuliko mengine na harufu kama ya kitambaa kinachoungua.

Pili, simamisha gari mahali tambarare, fungua boneti, utazame kichupa cha mafuta ya breki. Kwa motokaa zetu za usukani wa kulia, kwa kawaida kiko upande wa dereva, nyuma kabisa karibu na kioo. Kina alama mbili, MAX na MIN. Futa vumbi kabla ya kufungua kifuniko, maana chembe moja ya mchanga ikiingia humo huweza kukwaruza masta silinda. Katika pikapu nyingi kuna vichupa viwili jirani, kimoja cha breki na kimoja cha klachi. Usije ukakichunguza cha klachi ukaridhika.

Taa nyingine huwaka na kuzimika, na madereva hupenda kuidharau kwa sababu hiyo. Ikiwa huwaka unapoinamisha pua ya gari kushuka kutoka Kwale kuelekea Kombani, au unapokata kona, kisha ukifika tambarare ikazimika, sababu yake ni kwamba mafuta yamekaribia alama ya MIN, na kichupa kikiinama boya hushuka. Gari linakuarifu mapema. Siku chache baadaye itawaka moja kwa moja.

Mafuta yakiwa chini, tafuta mavujo kabla ya kumimina. Chungulia upande wa ndani wa kila gurudumu. Unyevu unaoteremka kwenye tairi au kwenye bati la nyuma ya dramu ni dalili ya wili silinda iliyokufa. Tazama mipira inayoelekea magurudumu ya mbele, uikunje uone kama imepasuka. Tazama pale masta silinda inapokutana na ukuta wa injini, kisha ingia ndani ya gari upapase zulia chini ya kikanyagio. Ukikuta unyevu usihukumu haraka: maji safi chini ya gari lenye kiyoyozi ni ya kiyoyozi, cheusi ni mafuta ya injini, na dizeli utaijua kwa pua. Mafuta ya breki huteleza vidoleni kama sabuni, rangi yake ni kama chai nyepesi au kahawia, na huoshwa kwa maji matupu.

Halafu kuna mguu. Mguu wa dereva ni kipimo kizuri kuliko macho, nao hautozi ada. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida na kuishikilia kwa muda wa kuhesabu mpaka 30. Kikanyagio kikizama polepole kuelekea sakafuni, kuna mahali panapovuja, au raba za ndani ya masta silinda zimechakaa na mafuta yanapenya kurudi nyuma. Katika hali hii ya pili hutaona tone nje, na watu hukataa kuamini. Kikiwa laini kama godoro, upepo umo. Kikienda chini kisha kikapanda ukipampu mara mbili tatu, ni upepo, au breki shuu za nyuma zimekaa mbali na dramu na zahitaji kurekebishwa. Kikiwa kigumu kama jiwe na gari halisimami, usilaumu mafuta; tazama busta. Ipime hivi: zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka kikanyagio kiwe kigumu, acha mguu hapo hapo juu yake, washa injini. Kikanyagio kizima hushuka kidogo chini ya mguu. Kisiposhuka, busta au mpira wake wa upepo una kasoro.

Ikiwa handibreki haina kosa, mafuta yako sawa, mguu unaona breki imara, na taa bado inawaka, hapo ndipo uishuku swichi. Boya huweza kujaa mafuta na kuzama, na plagi yake huota ukungu wa kijani kwa ajili ya hewa ya chumvi. Katika motokaa nyingi ukichomoa plagi hiyo, injini ikiwa inawaka, taa itazimika. Hapo umejua kuwa kosa liko kichupani. Isipozimika, fundi wa umeme afuate waya. Nayo altaneta huweza kuleta taa hii: katika motokaa kadhaa za Kijapani, altaneta ikifa, taa ya betri na taa ya breki huwaka pamoja, na mtu akahangaika na breki kutwa nzima huku betri yake inakwisha.

Magari yenye ABS yana taa ya pili, ya manjano. Ikiwaka hiyo peke yake, breki za kawaida zingalipo, ila magurudumu yanaweza kufunga na kuteleza kwenye matope. Zikiwaka zote mbili, nyekundu na manjano, usiende mbali. Kile chombo kinachogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma huenda kimeacha kazi, na magurudumu ya nyuma yakifunga kabla ya ya mbele gari hugeuka kichwa huku na mkia huku. Jambo hilo halitengenezwi kwa nyundo. Lahitaji fundi mwenye mashine ya kusoma makosa ya gari.

Jambo ambalo taa haliambii

Yafaa sasa tuseme habari ambayo wengi hawaijui. Taa hupima wingi wa mafuta tu. Haipimi ubora wake, wala haipimi joto lake. Unaweza kuwa na kichupa kilichojaa mpaka MAX, taa imezimika vizuri, na breki zikakukimbia katikati ya mteremko.

Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani. Huyanyonya kupitia tundu dogo la kifuniko na hata kupitia mipira, na hewa ya pwani yetu ni mbichi mwaka mzima. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki mpaka yafike nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Yakisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Ya DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Ya DOT 5.1 huanza na 260 na kushuka hadi 180.

Na joto latoka wapi? Mji wa Kwale uko mita 400 hivi juu ya bahari, na barabara huteremka mpaka Kombani katika umbali usiofika kilomita 20. Pikapu yenye uzito wa tani 2 pamoja na mzigo wake, ikishuka mita 300, hutoa nguvu inayotosha kuchemsha lita 20 za maji, yaani debe zima, kutoka ubaridi wa kisimani mpaka mapovu. Dereva akishuka kwa breki peke yake, joto hilo lote huingia katika pedi, diski na dramu, na sehemu yake hufika kwenye mafuta. Mafuta machakavu huchemka, mvuke hutokea, na mvuke ni upepo. Kikanyagio huenda sakafuni. Akibahatika kusimama, baada ya nusu saa vyuma hupoa, mvuke hurudi kuwa maji, na breki zinafanya kazi kama kwamba hapakuwa na kitu. Fundi akiletewa gari haoni kosa lolote. Ndipo hadithi za majini wa barabarani zinapozaliwa, na jini mwenyewe ni maji ndani ya kichupa.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni gia: teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo ukiwa na mzigo huo huo. Mwenye gari la otomatiki, na magari mengi kama Probox ni ya namna hiyo, ashushe mkono wa gia kwenye 2 au L kabla mteremko haujaanza, asingoje harufu. Ya pili ni kubadili mafuta yote kila baada ya miaka miwili, hata kama gari limekwenda kidogo, kwa sababu maji huingia gari likiwa limelala vile vile.

Na breki zikikukimbia, pampu upesi upesi, huenda zikapanda. Shusha gia moja moja. Vuta handibreki polepole huku umeshika kitufe chake ili usifungie magurudumu ya nyuma. Usizime injini gari likiwa katika mwendo, maana busta itakosa nguvu na usukani utakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo usukani utafunga kabisa.

Mafuta gani yatiwe

Soma juu ya kifuniko cha kichupa. Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kuletwa, na kitabu chake ni cha Kijapani, lakini kifuniko kwa kawaida kimeandikwa DOT 3 au DOT 4. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni jamaa moja na huweza kuchanganyika, ingawa usishuke chini ya kile kilichoandikwa. DOT 5 isiyokuwa na nukta moja ni kitu kingine, hutokana na silikoni. Usiichanganye na hizo hata kidogo.

Wala usimimine mafuta ya injini, ya usukani, ya gia, mafuta ya taa, au maji ya sabuni, hata kama umekwama Lunga Lunga usiku. Raba za breki zimetengenezwa kwa mafuta ya breki. Zikiguswa na mafuta ya injini huvimba na kulainika, pistoni hukwama, na breki hubana bila kuachia au huacha kabisa. Kuosha hakusaidii, yapasa kubadili masta silinda, mipira na raba za magurudumu yote, na gharama yake huweza kumeza faida ya magunia mengi ya machungwa. Ukinunua gari na kushuku kuwa mwenyewe wa kwanza alitia mchanganyiko, vuta mafuta kidogo kutoka kichupani, yatie katika glasi yenye maji, koroga. Mafuta ya breki halisi huchanganyika na maji. Yakielea juu na kufanya macho macho kama mchuzi wa nazi, aliyetia hakutia mafuta ya breki.

Nunua kopo dogo lililofungwa, si lile lililo wazi rafuni tangu mwaka jana, na ukilifungua tumia unachohitaji. Kinachobaki kikikaa miezi hakifai tena. Tena ni sumu: usikiweke katika chupa ya soda mahali ambapo mtoto atakifikia.

Kutoa upepo

Kazi hii hufanywa na watu wawili, mmoja chini ya gari na mmoja juu ya kikanyagio. Kwa kawaida huanza na gurudumu lililo mbali na masta silinda. Kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Magari mengine ya ABS yana taratibu yake yenyewe. Mpira mwembamba huvikwa kwenye nati ya kutolea upepo, na ncha yake huzamishwa katika chupa yenye mafuta kidogo. Aliye chini husema “Kanyaga,” mwenziwe hupampu mara tatu, husema “Shika,” mwenziwe huganda hapo, nati hufunguliwa, mafuta na mapovu hutoka, nati hufungwa, ndipo husema “Achia.” Akiachia kabla nati haijafungwa, upepo hunyonywa kurudi ndani na kazi imeharibika. Kila baada ya mara nne au tano, jaza kichupa. Kikikauka utaanza upya tangu alifu.

Mambo ya huku kwetu

Wanaobeba samaki kutoka Gazi, Shimoni na Vanga wana adui wao peke yao. Maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye makasha hushuka mpaka kwenye chesisi, na mabomba ya breki ya chuma huoza, hasa pale yanaposhikwa na vibanio ambapo huonekani. Osha chini ya gari kwa maji baridi kila baada ya safari ya samaki. Bomba lililovimba kwa kutu libadilishwe kabla halijatoboka. Wala halifungwi kwa mpira wa maji na waya. Iko pia desturi mbaya ya kuliziba bomba la gurudumu moja kwa kulipiga nyundo ili gari lifike nyumbani. Gari hilo likikanyagwa breki huvutwa upande mmoja, na upande huo mara nyingi ni wa gari linalokuja.

Wenye pikapu huongeza spring za nyuma ili zibebe zaidi. Wachache wajua kwamba pikapu nyingi zina vali juu ya ekseli ya nyuma, iliyounganishwa na chesisi kwa mkono wa chuma, ambayo hupima mzigo kwa kuona mwili wa gari umeshuka kiasi gani. Gari tupu hupewa breki kidogo nyuma, lenye mzigo hupewa nyingi. Ukiongeza spring, gari halishuki hata likijaa; vali hudhani liko tupu, na breki za nyuma hunyimwa nguvu siku ile zinapohitajiwa. Aliyeongeza spring amwambie fundi arekebishe mkono huo.

Wenye matrekta wakumbuke kufunga vile vikanyagio viwili vya breki pamoja kabla ya kuingia barabara kuu. Shambani kimoja husaidia kukata kona. Kwenye lami kikikanyagwa kimoja trekta hupinduka.

Katika feri ya Likoni, vuta handibreki mpaka mwisho na gari uliache ndani ya gia, au kwenye P kwa otomatiki. Tarehe 29 Septemba 2019 motokaa ilirudi nyuma kutoka kwenye feri ya MV Harambee ikatumbukia katika kivuko, na mama na mtoto wake wakafa maji. Ilichukua siku nyingi kuwatoa. Handibreki yako uijaribu mahali pa mwinuko mdogo kabla ya kufika kivukoni: gari lenye mzigo likikaa bila kusogea, ni nzima.

Mafuta ya zamani yakisha kutolewa yatiwe katika chombo chenye kifuniko na kurudishwa gereji pamoja na mafuta ya injini yaliyochoka. Yasimwagwe chini. Ardhi yetu ya Tiwi na Diani ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na yanayomwagwa juu hushuka moja kwa moja mpaka kwenye maji ya visima vile vile tunavyonywa.